Posta ya taifa: kanuni za serikali huijenga au huiua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma utawala wa umma, na darasani kwetu kumezuka ubishi. Mhadhiri wetu anasema posta za taifa zimedhoofika kwa sababu serikali zilizibana kwa sheria na kanuni, na kwamba kampuni binafsi za vifurushi zinastawi kwa kuwa hakuna aliyezibana. Baadhi ya wenzangu wanasema bila serikali posta isingekuwepo kabisa. Nani yuko sahihi? Na kama ungepewa kalamu uandike sheria ya posta leo, ungeandika nini?

Jibu: Marahaba. Mhadhiri wako ana jambo la kweli, ila amelishika upande wa mkia. Posta nyingi zimeumizwa na sheria, hilo sikatai. Lakini nikizipekua sheria zilizoumiza, karibu zote nazikuta na kasoro ileile: serikali iliiagiza posta ifanye kazi fulani, na ilipofika kwenye mstari wa nani atalipa, ikanyamaza. Nitalirudia hili mara kadhaa, kwa hiyo nivumilie.

Tuanze na kitu ambacho soko peke yake lisingekileta, yaani bei moja kwa nchi nzima. Leo tunaiona ni jambo la kawaida: unabandika stempu, barua inakwenda, iwe mtaa wa pili au mpakani. Kabla ya mwaka 1840 mambo hayakuwa hivyo. Uingereza, kwa mfano, ilitoza barua kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na aliyelipa kwa kawaida alikuwa mpokeaji. Watu wakabuni ujanja: mtumaji anaweka alama fulani nje ya barua, mpokeaji anaitazama mlangoni, anaelewa kwamba wote nyumbani ni wazima, kisha anaikataa barua bila kulipa hata senti. Posta imebeba mzigo safari nzima na kuambulia patupu.

Mwaka 1837 Rowland Hill, Mwingereza aliyetaka posta ibadilishwe, alichapisha kijitabu akionyesha kwamba gharama ya kuibeba barua moja kutoka London hadi Edinburgh ilikuwa ndogo mno, kama sehemu moja ya 36 ya peni. Fedha zilikuwa zinaliwa na makarani: kupima umbali, kuhesabu karatasi kwa kuimulika barua kwa mshumaa, kuandika madaftari, na kumbembeleza mpokeaji alipe. Akapendekeza bei moja, kwa uzito, ilipwe kabla. Tarehe 10 Januari 1840 ikaanza peni moja kwa barua isiyozidi nusu wakia. Asiyelipa kabla, mpokeaji wake alitozwa peni 2. Stempu yenyewe ilianza kutumika Mei 6 mwaka huohuo. Barua zikapanda kutoka kama milioni 76 mwaka 1839 hadi kama milioni 169 mwaka 1840.

Watu wakisimulia habari hii husifu stempu. Mimi naisifu kanuni iliyokuwa nyuma ya stempu. Fikiria mfanyabiashara anaiona ile peni moja. Anajua kwamba barua ya mjini kwa mjini haimgharimu hata nusu yake. Anafungua ofisi, anatoza nusu peni ndani ya mji, anachukua barua zote zenye faida, na za vijijini anamwachia posta. Hafanyi dhambi yoyote, anafanya biashara. Anakula minofu, mifupa inabaki kwa mwingine. Baada ya miaka michache posta ina mifupa mitupu, na bei moja inakufa. Ndiyo maana posta karibu zote za karne ya 19 zilipewa haki ya peke yake ya kubeba barua. Tunauita ukiritimba, na kwa kawaida neno hilo hutamkwa kwa chuki. Lakini kwa muda mrefu ukiritimba huo ndio uliokuwa malipo. Serikali ilisema: fika kila mahali kwa bei moja, na ujira wako ni kwamba faida ya mijini hakuna atakayekunyang'anya. Agizo lilikuwa na malipo yake, ingawa yalijificha ndani ya bei ya stempu.

Je, ukiritimba hauleti uzembe? Unaleta, tena upesi. Miaka ya mwanzo ya 1840 posta ya Marekani ilikuwa ikitoza hadi senti 25 kwa barua ya karatasi moja iendayo mbali. Mwaka 1844 Lysander Spooner, mwanasheria mwenye kichwa kigumu, alianzisha kampuni yake ya barua akatoza senti 5. Serikali ilimwandama kwa mashtaka. Kisha mwaka 1845 Bunge likafanya mambo mawili kwa sheria moja: likashusha bei hadi senti 5 kwa safari isiyozidi maili 300, na likakaza sheria dhidi ya wabebaji binafsi. Kampuni ya Spooner haikudumu. Wanaopenda soko wanamhesabu kuwa shujaa wao, wanaopenda serikali wanasema sheria ilifanya kazi yake. Naona wote wana haki kidogo: mshindani alifichua kwamba bei ilikuwa imevimba, na sheria ikaichukua bei yake bila kuuvunja mtandao. Usisahau kisa hiki, kwa sababu ndicho nitakachokikumbuka tukifika kwenye ushindani.

Kanuni zilifanya pia kazi ambazo hazikuhusu bei. Sheria ya posta ya Marekani ya mwaka 1792 iliyapa magazeti nauli ya chini sana na kuwakataza maofisa kufungua barua za watu. Siri ya barua ni kanuni, na bila hiyo hakuna anayethubutu kuandika jambo la maana. Mwaka 1896 nchi hiyohiyo ilianza kwa majaribio kupeleka barua hadi kwenye mashamba, na mwaka 1902 huduma hiyo ikawa ya kudumu. Hapa nimguse mhadhiri wako kidogo. Kabla ya 1913, vifurushi vya Marekani vilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na zilikuwa kampuni kubwa zenye nguvu. Zilifuata reli. Mkulima aliyekaa mbali na stesheni alijijua mwenyewe. Januari 1, 1913 posta ikaruhusiwa kubeba vifurushi, na yule mkulima akaanza kuagiza bidhaa kwa katalogi. Kwa hiyo hoja kwamba kampuni za vifurushi zinastawi pale zisipobanwa ni ya kweli, ila iulizwe swali la pili: zinastawi wapi? Zinastawi palipo na msongamano wa wateja. Kupenda palipo na faida si kosa lao, lakini mtandao wa taifa haujengwi hivyo.

Kuvuka mipaka nako kulihitaji kanuni. Kabla ya 1874 kila jozi ya nchi ilikuwa na mkataba wake, uzito wake, na nauli yake, na barua iliyopita nchi tatu ilikuwa na hesabu za kumtoa mtu jasho. Oktoba 9, 1874, pale Bern, nchi 22 zilikubaliana kuwa eneo moja la posta, na kila nchi ikabaki na fedha za stempu zake bila kugawana na inayopokea. Ndio mwanzo wa Umoja wa Posta Duniani. Wazo lilikuwa kwamba kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mizigo italingana. Ilipoonekana wazi kwamba hailingani, mkutano wa Tokyo wa 1969 ukaweka malipo ya nchi inayotuma kwa nchi inayopokea. Viwango hivyo vilipangwa kwa barua. Vikaja kukutwa na vipeto vya biashara ya mtandaoni, na kwa miaka kadhaa wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwamba kipeto kidogo kutoka China kinafika kwa mteja wao kwa nauli ndogo kuliko kilichotoka jimbo la jirani. Mwaka 2018 Marekani ikatangaza kujitoa kwenye Umoja. Septemba 2019 mkutano wa dharura wa Geneva ukakubali kwamba nchi zinazopokea mizigo mingi zijipangie viwango vyao, na Marekani ikabaki. Kanuni ilikuwa nzuri siku ilipoandikwa. Ilichelewa kufumuliwa, basi.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hapo ndipo ubishi wenu ulipo.

Mfano ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda ajali, ni sheria ya Marekani ya Desemba 2006. Iliiamuru posta itenge karibu dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka 10 ili kulipia mapema bima ya afya ya wastaafu wake wa baadaye. Sheria hiyohiyo ikaifungia bei ya barua isipande zaidi ya mfumuko wa bei. Yaani mkono mmoja uliongeza mzigo, mkono wa pili ukafunga mfuko. Halafu mwaka 2008 uchumi ukaanguka na barua zikahamia kwenye intaneti. Kuanzia 2012 posta ikaacha kulipa deni hilo, kwa kuwa haikuwa na cha kulipia. Magazeti yakaandika kuhusu hasara kubwa za posta, na sehemu kubwa ya hasara hizo ilikuwa ni hizo fedha za kutengwa. Mwaka 2022 sheria nyingine ikalifuta deni na agizo lenyewe. Miaka 16 ya kuhangaika kwa sababu ya kifungu kimoja! Mhadhiri wako akiutaja mfano huu, mpe haki yake.

Lakini usimruhusu aseme dawa ni kuikabidhi posta kwa mwekezaji. Argentina ilijaribu. Mwaka 1997 posta yake ilikabidhiwa kwa kundi la wawekezaji kwa mkataba wa miaka 30. Wao ndio wangeilipa serikali ada. Mwaka 1999 malipo yakasimama, mwaka 2001 kampuni ikaomba ulinzi dhidi ya wadai, na Novemba 2003 serikali ikairudisha mikononi mwake. Waliobadilika ni wenye shati. Jasho lilibaki lilelile. Mwekezaji naye alikuta kwamba kufika kila mahali kuna gharama, na gharama hiyo haikuwa na mlipaji aliyeandikwa.

Tatizo hili hukaa muda mrefu bila kuonekana kwa sababu serikali huvaa kofia 3 kwa wakati mmoja. Ni mmiliki wa posta. Ni mdhibiti anayepanga bei na viwango. Na ni mteja mkubwa, maana notisi, hati, vifaa vya uchaguzi na barua za mahakama hupita humo. Waziri mmoja akizivaa kofia zote, uamuzi hufanyika kwa simu. Anapiga simu kuzuia ofisi fulani isifungwe, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba agizo hilo limeigharimu posta kiasi gani. Bei haipandishwi karibu na uchaguzi. Barua za serikali zinabebwa kwa mkopo na mkopo haulipwi. Kila jambo likitazamwa peke yake ni dogo, na kila moja ni kanuni isiyoandikwa. Ukiniuliza, hizi zisizoandikwa zimeua posta nyingi kuliko zilizochapishwa kwenye gazeti la serikali.

Ndiyo sababu kuanzia miaka ya 1980 nchi nyingi zilianza kuzivua kofia hizo moja moja. New Zealand mwaka 1987 iliigawa idara yake ya posta vipande vitatu: posta, simu na benki. Tanzania ilitenganisha posta na simu mwaka 1994, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 1999, ikawa na shirika la posta upande mmoja na chombo cha kudhibiti mawasiliano upande mwingine. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 1997, ulizitaka nchi zote wanachama ziwe na mdhibiti aliyejitenga na mwendeshaji. Kutenganisha kwenye sheria ni rahisi. Kazi ni kuupata uhuru wenyewe. Mdhibiti anayeteuliwa na waziri, anayelipwa kwa idhini ya waziri, na anayeweza kuondolewa na waziri ana kofia yake, ila kichwa ni cha waziri.

New Zealand nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa inafundisha zaidi. Februari 1988 posta yake mpya ilifunga ofisi 432 kwa siku moja. Vijiji vikalia, na ukiutazama uamuzi ule kwa jicho la wanavijiji hauwezi kuusifia. Lakini ulilazimisha swali ambalo wengine walikuwa wanalikwepa: ni huduma gani tunaitaka hata kama haina faida? Mwaka 1998, ukiritimba ulipoondolewa, serikali na posta walitia saini mkataba ulioandika siku za kupeleka barua, idadi ya vituo na namna ya kulinda wateja wa vijijini. Barua zilipopungua, mwaka 2013 mkataba ukarekebishwa ili mijini barua zipelekwe siku 3 kwa wiki. Unaweza kuyapinga masharti yenyewe. Huwezi kusema hayajulikani.

Kuhusu ushindani, Ulaya ilichagua mwendo wa kinyonga. Mwaka 1997 ilihifadhi barua za chini ya gramu 350 kwa posta ya taifa; mwaka 2003 ikashusha hadi gramu 100; mwaka 2006 hadi gramu 50; kisha nchi nyingi zikafungua kila kitu ilipofika mwisho wa 2010, na chache zikaongezewa miaka miwili. Sweden haikungoja, ilifungua soko lote mwaka 1993. Mwaka huohuo Mahakama ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi iliyotoka Liège, Ubelgiji, ambao naona ni sentensi muhimu kuliko vitabu vingi: posta inaweza kulindwa dhidi ya ushindani, lakini kwa kiasi tu kinachohitajika ili iweze kutimiza kazi yake ya umma. Ukitaka kulinda zaidi ya hapo, thibitisha. Ukipenda, ni Spooner na Bunge la 1845 wamekaa meza moja.

Kulinda kwa upana nako hakuleti uhai. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 iliihifadhia posta vitu vyote hadi kilo 1, vipeto vikiwemo. Karatasi ilisema hivyo. Barabarani kampuni za vifurushi ziliendelea kubeba vipeto vidogo kila siku, na Julai 2023 posta hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa kuokolewa na ufilisi. Sisemi sheria hiyo ndiyo iliyoiangusha. Kulikuwa na mengi. Nasema ulinzi usioweza kusimamiwa ni pazia, unaliona lakini halizuii upepo.

Uingereza ilifungua soko lake lote Januari 2006, na ushindani wake ulishika njia nyingine: washindani waliruhusiwa kukusanya barua kwa mabenki na wateja wengine wakubwa, kuzichambua, na kuikabidhi posta kwa ajili ya kipande cha mwisho, hadi mlangoni. Jambo hilo lina akili, kwa sababu kipande cha mwisho ndicho ghali na hakuna maana ya tarishi watatu kupita mlango mmoja. Tatizo huwa ni bei ya makabidhiano. Mdhibiti akiiweka chini sana, posta inawabeba washindani wake mgongoni; akiiweka juu sana, hakuna mshindani. Mshindani mmoja aliyejaribu kujenga mtandao wake wa matarishi hadi milangoni aliufunga mwaka 2015. Sijui mfano bora wa kuonyesha kwamba kipande hicho cha mwisho ni kigumu hata kwa mwenye fedha na ari.

Mdhibiti asiye na kipimo ni refa asiye na saa. Hapa kuna ufundi ambao wanafunzi huuruka. Ubora wa posta hupimwa kwa barua za majaribio: taasisi huru inawalipa watu wa kawaida, waliotawanyika nchi nzima, watume na wapokee barua na kuandika tarehe, na baadhi ya barua huwekwa kifaa kidogo kinachoonyesha zilipokwamia. Posta haijui barua zipi ni za mtego. Bila hivyo, kila mtu atasema barua zinafika. Uingereza iliweka lengo la asilimia 93 ya barua za daraja la kwanza kufika siku inayofuata, kabla ya kulishusha baadaye. Posta ilipolikosa, mdhibiti aliitoza faini ya pauni milioni 5.6 mwaka 2023 na milioni 10.5 mwaka 2024. Ujerumani ilikwenda njia tofauti: sheria yake mpya ya 2024 iliacha lengo la asilimia 80 kufika kesho yake, ikaweka asilimia 95 kufika ndani ya siku 3 za kazi. Mimi naiona ya Kijerumani kuwa ya kiutu uzima zaidi. Mtu anayengoja barua leo hahitaji ifike kesho. Anahitaji kujua itafika lini.

Na faini? Inauma pale posta ikiwa ya wenye hisa. Posta ikiwa ya serikali, faini ni kutoa fedha mfuko wa kushoto na kuzitia wa kulia, huku mwananchi akingojea barua yake palepale. Kwa posta ya umma ningetumia kuchapisha matokeo kila robo mwaka, mkoa kwa mkoa, na kuifungamanisha mishahara ya ziada ya wakubwa na matokeo hayo. Wanaona aibu haraka kuliko wanavyoogopa faini.

Kuna kitu kingine ambacho wanasheria wa posta hukisahau kwa sababu hakina sura ya posta: anwani. Huwezi kumwagiza mtu afike kila mlango wakati mlango hauna jina. Masanduku ya posta yalikuwa jibu zuri kwa nchi ambazo nyumba hazikuwa na namba, lakini kifurushi cha mnunuzi wa mtandaoni hakiingii kwenye sanduku. Ireland mwaka 2015 ilianzisha msimbo wa herufi na tarakimu 7 ambao kila anwani ina wake peke yake, hata nyumba za mashambani zilizokuwa zikitambulika kwa jina la familia tu. Kazi kama hiyo hakuna kampuni itakayoifanya kwa niaba ya washindani wake. Ni ya serikali, na matokeo yake yabaki kuwa mali ya wote. Uingereza ilipoiuza posta yake mwaka 2013 iliuza pamoja nayo orodha ya anwani za nchi nzima. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge ikasema waziwazi kwamba hilo lilikuwa kosa. Naungana nayo bila kusita.

Haya, kalamu uliyonipa. Nisingeandika sheria ndefu. Ningeanza kwa kutaja huduma ambayo kila mtu anastahili, nikiihesabu kutokana na mahitaji ya leo: kifurushi kidogo kifike, hati ya serikali ifike, anayetaka kutuma fedha au kufungua akaunti apate dirisha mahali pasipo na benki. Siku za kupeleka barua ningeziacha kwenye kanuni ndogo zinazopitiwa kila miaka 5, ili Bunge lisihitajike kila barua zinapopungua. Kisha ningeandika nani analipa, kwenye ukurasa huohuo. Njia ziko tatu. Ukiritimba wa barua ulikuwa mzuri wakati barua zilikuwa na faida. Sasa ni kumpa mtu haki ya peke yake ya kuuza barafu inayoyeyuka. Mfuko unaochangiwa na waendeshaji wote huonekana wa haki, ila ada yake ikipanda huwafukuza wadogo, na ukusanyaji wake huwa wa vita. Inabaki fedha ya bajeti, ambayo ni ya wazi kuliko zote na hukatwa ya kwanza mwaka wa njaa. Ningeichagua hiyo, kwa sharti iwekwe kwenye mkataba wa miaka kadhaa unaosema: huduma hii, kwa bei hii, na serikali ikipunguza fedha, huduma inapungua kwa kiasi kilichoandikwa. Hapo waziri atakuwa na la kuwaeleza wananchi, na posta haitabeba lawama isiyo yake.

Posta pia ningeilazimisha itenganishe hesabu zake, biashara ya ushindani kando na huduma ya umma kando. Bila hivyo haijulikani kama ruzuku inalipia kijiji au inagharamia vita vya bei dhidi ya kampuni za vifurushi. Na kampuni hizo nisingezipa mzigo mkubwa: zijisajili, ziseme zinalipa kiasi gani mzigo ukipotea, ziwe na mahali pa kupokea malalamiko, zitoe takwimu. Ada kubwa ya leseni ni njia rahisi ya kuwafukuza vijana wenye pikipiki na kuwabakiza wakubwa watatu.

Umeniuliza nani yuko sahihi. Tazama Denmark. Kwa sheria iliyoanza Januari 2024 nchi hiyo iliondoa wajibu wa posta wa kupeleka barua kila mahali, ikaweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 kwenye barua, na Desemba 30, 2025 posta ya taifa ikapeleka barua yake ya mwisho, baada ya miaka 401. Barua zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 2000. Wenzako watasema: mmeona, serikali ilipoondoka posta ikafa. Mhadhiri atasema: kampuni binafsi imeuchukua mzigo na maisha yanaendelea. Wote wakishamaliza, waambie wasome kilichobaki kwenye sheria hiyo. Kwa visiwa vidogo visivyo na daraja na kwa mizigo ya wasioona, serikali bado inatangaza zabuni na kumlipa atakayefika. Wamefuta agizo la zamani, na yale machache waliyoyabakiza wameyawekea mlipaji.

Kwa hiyo kabla ya kurudi darasani, chukua sheria ya posta ya nchi yoyote unayoipenda. Tafuta kifungu kinachoagiza huduma kwa wote, kiwekee alama. Halafu tafuta kifungu kinachosema fedha zitatoka wapi. Ukikikosa hicho cha pili, mpelekee mhadhiri wako na umwulize kama hapo tatizo ni kubanwa.